Kiswahili kinamjua mwanaanga, hakimjui anayeulinda mwili wake

Neno 'uzito' limetuponza. Kumbuka habari za wanaanga wawili wa Marekani, Suni Williams na Butch Wilmore, walioondoka duniani Juni 5, 2024 kwa safari ya takriban siku nane, wakarejea Machi 18, 2025 baada ya siku 286. Kwa muda huo wote tuliambiwa, gazetini na redioni, kwamba watu hao wako mahali pasipokuwa na uzito. Kisha mwezi wa Novemba picha za Bi Williams zikazua uvumi kwamba amekonda vibaya, naye akajibu kutoka huko huko angani kwamba uzito wake ni ule ule aliokwenda nao. Tukayameza yote mawili bila kutafuna. Mtu asiye na uzito, uzito wake haujabadilika!

Mpenzi msomaji, usidhani ninasaka makosa ya kuchekea. Dai langu ni kwamba msamiati tunaousimulia safari za anga una kasoro inayotuficha jambo kubwa kuliko yote katika safari hizo, yaani mwili wa msafiri. Kasoro hiyo hiyo inamficha mtu aliyeajiriwa kuulinda mwili huo. Katika chumba cha kuongozea safari kule Houston, Texas, mtu huyo ana meza yake, ana vipaza sauti vyake, na ana cheo anachoitwa kwacho kila siku. Kwa Kiswahili hana jina lililotulia. Nitamfikia. Kwanza tumalizane na uzito.

Wenzetu wa Tanzania, ambako sayansi ya shule za msingi hufundishwa kwa Kiswahili, wana neno 'tungamo'. Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo katika kitu, na kiasi hicho hakipungui hata ukipelekwa mwezini. Uzito ni nguvu ambayo kitu hicho hukandamiza kilicho chini yake kwa sababu ya mvutano wa dunia. Huku Kenya fizikia tumeisoma kwa Kiingereza, kwa hiyo tofauti hiyo tunaijua darasani lakini tukifika sokoni, kliniki au gazetini tunaiacha mlangoni. Muuguzi anapima 'uzito' wa mtoto kwa kilo, na hakuna anayelalamika, kwa kuwa duniani maneno hayo mawili hutembea pamoja kama pacha. Angani hutengana.

Basi Bi Williams alijuaje kwamba hajapungua? Mizani ya kusimamia haifanyi kazi kule, maana hakuna kusimama. Katika Kituo cha Kimataifa cha Anga kipo kifaa ambacho msafiri hujishikiza kwacho, kisha springi ikauvuta mwili wake kwa nguvu inayojulikana. Kifaa hupima mwili umeongeza kasi kiasi gani. Mwili mkubwa huvutika polepole, mdogo huvutika haraka, na kutokana na hapo tungamo hupatikana kwa hesabu ya Newton ambayo kila mwanafunzi wa fizikia ameikariri. Hicho ndicho chombo kilichomjibia Bi Williams. Habari zetu zingelitumia neno tungamo, msomaji angeuliza swali zuri: mtu anayeelea anapimwa vipi? Tulipotumia 'uzito' swali lilikufa kabla ya kuzaliwa.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo ni la ile sentensi tunayoisema kwa uhakika wa kutisha: 'Angani hakuna mvutano.' Upo! Kituo hicho kiko takriban kilomita 400 kutoka ardhini, umbali usiofika hata wa kutoka Nairobi hadi Mombasa. Katika kimo hicho mvutano wa dunia ungali na asilimia 90 hivi ya nguvu ulizo nazo hapa tulipo. Kama ungekuwa haupo, kituo kingekwenda zake moja kwa moja kisionekane tena. Kinachotokea ni kwamba kinaanguka. Kinaanguka mchana na usiku, lakini kwa kuwa kinakimbia upande kwa kasi ya kilomita 28,000 hivi kwa saa, mviringo wa dunia nao unainama chini yake, na kila baada ya dakika 90 hivi kimeuzunguka wote.

Mfikirie mkwezi aliye juu ya mnazi, kikapu cha madafu kichwani. Akiwa amekaa penye makuti, kikapu kinamwelemea shingo. Mungu apishe mbali, akiteleza, yeye na kikapu wanashuka kwa kasi moja, na katika sekunde ile fupi madafu hayamwelemei hata kidogo. Dunia haijaacha kumvuta. Inamvuta kuliko anavyotaka. Kilichokoma ni kuelemewa. Mwanaanga ni mkwezi ambaye hafiki chini.

Wanafizikia hapo husema 'mwanguko huru', istilahi sahihi na nzuri. (Huru hiyo inanikumbusha kwamba setilaiti ya kwanza ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka anga za mbali, iliyorushwa Desemba 12, 1970 kutoka jukwaa la San Marco pale Ngomeni, karibu na Malindi, ilipewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku yetu. Neno letu lilitangulia kufika huko kuliko istilahi zetu.) Lakini mwanguko huru unaeleza mwendo wa chombo. Haunielezi kwa nini mifupa ya mtu aliyemo iharibike. Kwa hilo ninapendekeza turudi kwenye neno la kawaida kabisa, neno la bandarini: mzigo.

Mfupa ni hamali. Hamali wa Mombasa ana mabega kwa sababu ya magunia. Mnyime magunia mwaka mzima, mabega yatakwenda. Mifupa ya nyonga na mapaja hubeba kiwiliwili kila tunaposimama, na mwili huijenga kwa kiasi cha mzigo inaobeba. Angani mzigo huo haupo, na mwili, ambao hauna desturi ya kumlipa asiyefanya kazi, huanza kuibomoa. Bila hatua za kuizuia hali hiyo, nyonga ya mwanaanga hupoteza takriban asilimia moja hadi moja na nusu ya madini yake kila mwezi. Kalsiamu inayotolewa mfupani hupitia kwenye figo, na hatari ya mawe ya figo hupanda. Misuli ya miguu hunywea. Damu na majimaji ambayo huku hushuka miguuni hupanda kifuani na kichwani, uso ukavimba na miguu ikakonda. Sehemu ya yale ambayo watu waliyaona katika picha za Bi Williams wakayaita ugonjwa ni hayo majimaji yaliyohama.

Yuko atakayeniuliza: kuna tofauti gani kusema 'hakuna mvutano' na kusema 'hakuna mzigo', ikiwa mfupa unaharibika vyovyote vile? Tofauti iko kitandani. Kule Cologne, Ujerumani, na Toulouse, Ufaransa, watafiti huwalaza watu wazima wenye afya kwa miezi miwili mfululizo juu ya vitanda vilivyoinamishwa nyuzi sita, kichwa kikiwa chini kuliko miguu. Hawaruhusiwi kuinuka, hata kwa chakula wala kwa choo. Watu hao wako duniani, wanavutwa na dunia kama mimi nawe, lakini mifupa na misuli yao hupungua kwa namna inayofanana na ya wanaanga, na ndiyo maana wanalazwa. Kama chanzo kingekuwa kukosekana kwa mvutano, majaribio hayo yasingekuwa na maana yoyote. Yana maana kwa sababu aliyelala chali ameutua mzigo.

Sasa mtoe mtu huyo Cologne umlete katika wodi yoyote ya mifupa hapa nchini. Ni bibi wa miaka 70 aliyevunjika nyonga, amelazwa wiki ya saba. Msamiati wa 'hakuna mvutano' unamwambia mjukuu wake kwamba habari za wanaanga ni mambo ya Wamarekani. Msamiati wa mzigo unamwambia kwamba nyanya yake na mwanaanga wana maradhi yenye mzizi mmoja, na kwamba yule mtaalamu wa viungo anayemsumbua ainuke, asimame, ashike chuma cha kitanda, hamtesi. Anamtwika.

Kitenzi hicho, kutwika, ndicho ninachokitaka hasa. Kazi kubwa ya wale walinzi wa mwili wa mwanaanga ni kumtwika mtu ambaye hana pa kutwikiwa. Vyuma vya kawaida vya mazoezi havina faida kule. Hata cha kilo 200 kinasukumwa kwa kidole. Kwa hiyo wahandisi walitengeneza mashine yenye mitungi ya ombwe. Msafiri anapoinua ule mti wa mashine, anashindana na ombwe lililomo mitungini, na mashine inaweza kumpa upinzani sawa na takriban kilo 270. Imewekwa juu ya vizuizi vya mtikisiko ili mtu mmoja anayechuchumaa asikitikise kituo kizima. Ipo baiskeli isiyo na kiti, maana kiti cha nini? Ipo mashine ya kukimbilia, na mkimbiaji hufungwa mshipi wa mabegani na kiunoni wenye kamba za mpira zinazomvuta chini, asije akapiga hatua moja akajikuta darini. Kila mwanaanga hutengewa saa mbili au zaidi kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa kazi hiyo.

Hiyo mashine ya kukimbilia ina kisa ambacho mpenzi wa lugha hawezi kukiacha. Mwaka 2009 shirika la anga la Marekani, NASA, liliwaomba wananchi wachague jina la chumba kipya cha kituo. Mchekeshaji wa televisheni Stephen Colbert akawahimiza mashabiki wake waandike jina lake, wakaandika, akashinda. NASA wakakataa kumpa chumba. Wakamwita mashine ya mazoezi, kisha wakasaka maneno ambayo herufi zake za kwanza zingezaa COLBERT. Ukitaka kujua kwamba Kiingereza nacho huunda istilahi kwa mzaha na kwa kulazimisha, hapo ndipo. Tusijione sisi peke yetu tunahangaika.

Tuje kwenye vitenzi vingine tulivyowabebesha Williams na Wilmore. 'Wamekwama.' Matatu hukwama kwenye tope. Abiria hushuka, hupiga miayo, hununua mahindi choma. Ni kweli kwamba chombo chao kilipata hitilafu kikarudishwa kitupu Septemba 2024, na kwamba ratiba yao ilivurugika. Lakini kitenzi hicho kiliwaonyesha watu waliokaa kitako wakisubiri kuokolewa, ilhali kila siku yao ilikuwa imepangwa kwa dakika, na sehemu nene ya mpango huo ilikuwa kujitwika.

Nayo ile siku ya kurudi, picha ya machela! Walitolewa chomboni wakalazwa kwenye machela, na mitandao ya kijamii ikatangaza kwamba hawawezi tena kutembea. Machela ni utaratibu wa kawaida kwa wanaorudi kutoka safari ndefu. Sikio la ndani, ambalo hutuambia juu ni wapi na chini ni wapi, limekaa miezi bila kuambiwa. Moyo umezoea damu isiyohitaji kupandishwa kutoka miguuni. Ukimsimamisha mtu huyo ghafla anaweza kuzirai. Kwa hiyo anabebwa, kisha anaingizwa katika mpango wa siku 45 wa kuuzoesha mwili mzigo wake wa zamani. Kiswahili kilikuwa na maneno ya kulieleza jambo hilo tangu enzi na dahari, kwamba kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Sijui kwa nini hayakutumika.

Kwa wanaodhani kazi hii ni ya kupanga mazoezi tu, kisa cha damu iliyoganda kitawatosha. Kilichapishwa mapema mwaka 2020 katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine, bila jina la mhusika. Mwanaanga mmoja, akiwa mwezi wa pili wa safari ya miezi sita, alikuwa akijipiga picha za ultrasaundi shingoni kwa ajili ya utafiti kuhusu mwendo wa damu. Hakuwa na maumivu. Picha zikaonyesha bonge la damu katika mshipa mkubwa wa shingoni. Lilikuwa jambo ambalo halijawahi kuonekana kwa mtu aliye angani. NASA wakamtafuta Stephan Moll, daktari bingwa wa kuganda kwa damu katika Chuo Kikuu cha North Carolina. Mgonjwa mwenyewe aliwahi kumpigia simu nyumbani kwake, na mkewe daktari ndiye aliyeipokea.

Soma kisa hicho kama mhandisi. Dawa ya sindano ya kuzuia damu kuganda ilikuwepo kituoni, lakini kwa idadi ndogo ya chupa, na bomba za sindano nazo zilikuwa za kuhesabu. Kipimo kikapangwa ili dawa idumu takriban siku 40, hadi chombo cha mizigo kilipoleta vidonge. Hata kuvuta dawa kutoka chupani ni mtihani: huku dawa hukaa chini na hewa juu, ukageuza chupa na kuvuta. Kule dawa na hewa havijui nani akae wapi. Picha za ultrasaundi alizipiga mgonjwa mwenyewe, huku wataalamu waliokuwa duniani wakizitazama papo hapo na kumwelekeza asogeze kifaa kulia, kushoto, akibonyeze kidogo. Vidonge vilisimamishwa siku nne kabla ya kurejea, maana mtu anayeanguka kutoka angani anaweza kuumia, na anayeumia anahitaji damu inayoganda. Aliporudi hakuhitaji matibabu zaidi.

Katika kisa hicho daktari yupo, mgonjwa yupo, dawa ipo. Lakini aliyehakikisha kwamba kifaa kile kinafanya kazi baada ya kutikiswa na roketi, anayejua zimebaki bomba ngapi katika mkoba upi, anayeiweka saa ya ultrasaundi katika ratiba isigongane na kukatika kwa mawasiliano, anayefuatilia kiwango cha kaboni dioksidi katika hewa ya chumba cha kulala, huyo kwa Kiswahili nimwiteje?

Nimeyapima majina matatu. 'Mhandisi wa bayomedikali' ni tafsiri ya masikio; msomaji anapata mhandisi, kisha anapata kelele. Tangazo la kazi serikalini Tanzania litakupa 'mhandisi vifaa tiba'. Hili ni jina zuri, limejengwa kwa kuegemeza nomino juu ya nomino bila kihusishi, na mtu analielewa bila kamusi. Tatizo langu nalo ni kwamba linamfunga kwenye vifaa. Mitungi ya ombwe haina maana bila nyonga ya mtu. Kazi yenyewe iko pale kifaa na mwili vinapokutana. La tatu ni letu wenyewe, la korido za hospitali zetu: 'fundi wa mashine', au kwa kifupi cha vijana, 'mtu wa biomedi'.

Fundi si tusi. Pwani fundi ni bingwa, awe wa jahazi, wa mlango wa nakshi au wa utungo wa shairi. Lakini Kenya ya leo fundi huitwa kitu kikishaharibika. Bomba limepasuka, mwite fundi. Na ndivyo tunavyomtumia mtaalamu huyu, ambaye pengine alisomea uhandisi wa kitabibu miaka mitatu katika Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC. Haitwi mashine inaponunuliwa, wala chumba cha kuiweka kinapochorwa. Mwaka 2015 serikali ilianza kukodisha vifaa vya kisasa kwa ajili ya hospitali za kaunti, na kamati ya Seneti iliyouchunguza mpango huo ilieleza mwaka 2020 kwamba baadhi ya vifaa vilikuwa vimekaa bure, kwingine kwa kukosa wataalamu, kwingine kwa kukosa umeme au maji. Sisemi kwamba jina lilileta hasara hiyo. Mambo ya mikataba yana wenyewe. Ninasema kwamba wananchi waliuliza kuhusu mashine, bei na wanasiasa, na wachache mno waliuliza: nani atakaa nazo? Swali la aina hiyo huwa gumu kuuliza pale ambapo 'nani' hana jina.

Kule Houston mambo ni kinyume. Mtu wa mwili na vifaa yumo chumbani chombo kinapopaa, na meza yake iko kando ya ya daktari wa wanaanga. Haji na toroli ya spana baadaye.

Mimi ninaelekea kwenye 'mhandisi tiba'. Ni fupi, linafuata mtindo ule ule wa Tanzania, na linaacha nafasi ya mwili na kifaa kwa pamoja. Ninajua pingamizi litakalokuja: kwamba litamfanya mwananchi adhani mhandisi huyo anatibu. Ninajibu kwamba mfamasia naye hatibu, na hakuna anayempelekea jino bovu. Pingamizi la pili, kwamba wanaisimu wa Zanzibar, Dar es Salaam na Nairobi hawatakubaliana, sina jibu lake. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina ofisi Zanzibar na orodha hizi ni kazi yake. Kwa sasa mwandishi wa habari anayeandika kuhusu safari ijayo ya anga anaweza kuanza na 'tungamo', 'mzigo' na 'kutwika' bila kusubiri kikao cha mtu. Na mwenye jina linalolizidi mhandisi tiba alilete kwenye ukumbi huu, mradi lisianze na spana.